Wafumaji wa Magurudumu

Tangu afe mumewe, Bi Mastura anakaa na mwanawe Yaqdhan huko Bawshar, Maskati, katika nyumba ambayo kila mtu ana mlango wake, na nyuma ya kila mlango mna baridi yake ya mashine. Hana la kulalamikia. Chakula huletewa, dawa hukumbushwa, na mkamwana wake Jumana, mtoto wa watu wa Nizwa, humbusu kichwa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Lakini Jumana hajui Kiswahili, na Kiarabu cha Bi Mastura, pamoja na miaka yote hii ya Omani, kimebaki kuwa cha kuombea maji. Huanza maneno vizuri, katikati neno likamkimbia, na Jumana akasimama kumngoja kwa adabu, ufunguo wa gari mkononi. Basi Bi Mastura humwombea tu hifadhi ya Mungu, na mlango hufungwa.

Wajukuu nao ni wa Kiingereza. Na Kiingereza Bi Mastura anakijua, ila si hicho chao cha kwenye simu. Chake ni cha kiwandani, cha wanawake wa Birmingham waliokuwa wakipaza sauti ili wasizidiwe na mashine. Siku moja alikitoa mezani, wajukuu wakacheka mpaka maji yakawapalia. Hawakukusudia ubaya. Lakini hakukitoa tena.

Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye Bi Mastura alizungumza naye mpaka kiu ya maneno ikamwishia, naye ni Rahila. Rahila anakaa Qurayyat, ng'ambo ya milima, kwa bintiye Balqis. Kuonana kulikuwa kwa nadra, maana magoti ya wote wawili yamekataa, lakini kila Ijumaa baada ya sala simu ililia, na Bi Mastura akafunga mlango wake na kujilaza kitandani kama msichana. Walicheka, wakasutana, wakarudia mambo yaleyale ya ujana wao, kila mmoja akijifanya ndiyo kwanza anayasikia.

Kisha Rahila akaanza kupotea. Kwanza yalikuwa mambo madogo, kuuliza jambo lilelile mara tatu, kulitafuta jina la mkwewe mwenyewe. Baadaye akawa anamwita Bi Mastura kwa jina la dada yake aliyefia Pemba zamani. Mwisho, Ijumaa moja, simu ikapokewa na Balqis.

"Shikamoo, Mama Mastura. Unisamehe. Mama hataki tena simu. Anasema sauti isiyo na mtu ni ya shetani. Ameitupa chini."

"Anaumwa?"

"Mwili hajambo kabisa. Ni kumbukumbu tu. Siku nyingine hata mimi ananiuliza mama yangu ni nani."

Bi Mastura akasema pole, akasema inshallah, akakata simu. Akabaki nayo mapajani mpaka ikazima taa yake. Huzuni ilikuja baadaye; kilichotangulia ni hofu. Kuna miaka tisa ya maisha yake ambayo ilikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo sasa ameondoka, ingawa mwili wake bado umekaa kitini.

Wiki zile alinyamaza kuliko kawaida yake, na katika nyumba ile hakuna aliyetambua, maana hata siku zote maneno yake yalikuwa machache. Aliyekuja kutambua ni Yaqdhan, na kwa bahati tu. Yaqdhan ana baiskeli ya mbio, nyepesi kama ungo, ambayo Jumamosi huipanda na wenzake kuelekea Al Amerat. Asubuhi moja alishuka kwenda kuichukua, akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda kando ya magari, gurudumu la nyuma la ile baiskeli liko baina ya magoti yake, anazipitisha spoku, zile njiti zake za chuma, moja moja kwenye vidole kama mtu anayevuta uradi.

"Mama! Umeteremka vipi ngazi zote hizi? Unatafuta nini huku?"

"Natazama nani kalifuma hili."

"Kafuma nini?"

"Gurudumu, mwanangu. Kwani unafikiri linaota?"

Yaqdhan alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. Wenzake walikuwa wanamngoja barabarani. Akawatumia neno kwamba haendi, akageuza ndoo akaikalia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamsikiliza mama yake, mwana akiuliza kwa Kiarabu na mama akijibu kwa Kiswahili, akisimulia habari ambayo yeye hayumo.

Walifika Uingereza mwaka wa sitini na tano, yeye na mumewe Thabit, na sanduku moja. Unguja, kabla dunia yao haijapinduka, Thabit alikuwa mwalimu wa hesabu. Birmingham alipata kazi ya usiku kwenye tanuri la mikate. Mastura alikuwa na miaka ishirini na moja na hajapata kufanya kazi ya mshahara. Jirani yao, mjane wa Kizungu, ndiye aliyemshika mkono akampeleka mpaka lango la kiwanda cha baiskeli, jengo la matofali yaliyoingia masizi, limeziba mtaa mzima. Msimamizi wa wanawake, mama mnene mwenye nywele nyekundu, alimuuliza kama mikono yake imezoea kazi ya kusuka. Mastura akajibu kwa Kiingereza chake cha skuli kwamba anajua kusuka ukili wa mikeka na kushona kofia. Yule mama hakujua ukili ni kitu gani, lakini alivigeuza vidole vyake akavitazama, akamweka chumba cha magurudumu.

Chumba hicho kilikuwa cha wanawake watupu. Benchi ndefu, taa zinaning'inia, na katikati ya kila wawili sanduku la spoku. Mastura alionyeshwa mara moja tu. Unashika habu, kile kitovu cha katikati, unazitumbukiza spoku katika matundu yake mpaka inafanana na nungunungu aliyekasirika. Kisha unaivisha ringi, lile duara la nje. Hapo ndipo kufuma kunapoanza, spoku moja inakwenda mbele, ya pili inarudi nyuma, hii ipite juu ya wenzake wawili halafu izame chini ya wa tatu, kama upitavyo ukili. Kila ncha inatiwa kinati kidogo, unakizungusha kwa vidole mara mbili tatu, basi. Usikaze. Kukaza ni kazi ya wanaume wa chumba cha pili, waliolizungusha gurudumu mbele ya macho yao na kulivuta huku na huku mpaka lisiyumbe hata unywele. Gurudumu la nyuma spoku arobaini, la mbele thelathini na mbili. Siku ya kwanza alifuma moja likawa kama kikapu kilichokaliwa na mtu mzima. Msimamizi akalifumua bila ya neno, akampa aanze tena.

Vidole vilitoka damu. Mafuta ya chuma yaliingia kwenye michubuko, na jioni alikuwa hawezi kumenya hata chungwa. Lakini chuma hakikumchosha kama kimya. Wenziwe waliimba, walitaniana, walisimuliana habari za waume zao, naye alikaa katikati yao kama kiziwi harusini. Siku moja, wiki yake ya pili au ya tatu, akasikia mtu nyuma yake ananong'ona: "Ya Rabbi, vidole vyangu mie!"

Kwa Kiswahili. Mastura aligeuka kwa nguvu mpaka sanduku la spoku likamwagika chini. Ndiye Rahila, binti wa Wete, Pemba, ameletwa asubuhi ile. Waliinama wote wawili kuziokota, na chini ya benchi, katikati ya miguu ya wanawake wa Kizungu, wakaulizana kwao, mama zao, walikotokea, wakalia na kucheka kwa pamoja. Msimamizi alipiga kelele. Lakini kesho yake aliwaweka benchi moja, na hapo wakakaa mpaka siku ya mwisho.

"Alikuwa na mchezo wake," Bi Mastura alimwambia mwanawe. "Kila gurudumu akilimaliza, hulitafutia mwenyewe. Hili la mwalimu wa Wete. Hili la muuza samaki, lina bahati mbaya, litanuka. Hili la bwana harusi. Kazi ikatupita hata hatujui."

Siku moja mashine ya kukunjia ringi iliharibika, na chumba chote kikawa hakina cha kufuma. Msimamizi aliwaambia, badala ya kukaa bure, nendeni mkaone baiskeli inazaliwa vipi. Mastura na Rahila wakashikana mikono wakaingia ndani ya kiwanda, mahali ambapo hata mara moja hawakuwahi kufika.

Waliona utepe wa chuma umelala kama mkanda, ambao mashine ikiwa nzima huingia kwenye magurudumu yake umenyooka na kutoka umejipinda, duara juu ya duara, mfano wa springi kubwa. Mafundi walikuwa wameipandia ile mashine iliyokwama wakitukana. Wakaona bomba zinakatwa, miisho yake inasagwa ili ikae vizuri ndani ya viungo. Kisha wakafika penye joto. Fremu ilikuwa imeshaunganishwa bomba kwa bomba, lakini kwa pini ndogo tu, ukiitikisa inalia. Wanaume waliovaa ngozi toka shingoni mpaka miguuni waliishika kwa koleo, wakakichovya kiungo chake ndani ya chungu cha shaba iliyoyeyuka. Moshi mweupe ukapanda. Shaba ikanyonywa ndani ya kiungo kama maji kwenye donge la sukari, na fremu ilipotolewa haikulia tena; imekuwa kitu kimoja. Wale wanaume hawakuwa na nyusi. Rahila alimbana Mastura mkono. "Wameungua zote," akasema. "Maskini, wake zao."

Kutoka hapo fremu zilioshwa katika tindikali iliyowachoma puani hata kwa mbali, zikapigwa tupa, zikanyooshwa juu ya meza ya chuma, zikatundikwa kwenye mnyororo uliokuwa ukitembea juu ya vichwa vyao. Mnyororo ulizishusha ndani ya birika la rangi nyeusi, nzito kama lami, ukazipandisha zikidondoka, ukazipeleka tanurini kuokwa. Zilitoka upande wa pili zinang'aa kama macho ya paka. Na hapo palikuwa na wanawake tena, watatu wanne, wazee, kila mmoja na brashi yenye nywele ndefu kama kope za ngamia. Kazi yao kuchora mstari wa dhahabu juu ya bomba. Hawakuwa na rula. Mkono uliwekwa mwanzo wa bomba, ukavutwa kwa pumzi moja mpaka mwisho, na mstari ukawa umenyooka kuliko uzi. Mastura alisimama pale mpaka Rahila akamvuta.

Mwisho wa yote kilikuwa chumba cha kufungia. Baiskeli za nchini mule zilitoka zimekamilika, zimekaa juu ya magurudumu yake. Za nchi za mbali hazikuungwa kabisa. Fremu zililazwa moja juu ya moja, usukani umeviringishwa karatasi yenye mafuta, magurudumu yamepangwa kama sahani, yote ndani ya kasha la mbao, huko ziendako fundi atajijua mwenyewe. Juu ya makasha paliandikwa kwa rangi nyeusi mahali yanapokwenda. Lagos. Rangoon. Mombasa. Na kasha moja pembeni, halijafungwa bado, limeandikwa Zanzibar.

Rahila alilisogelea, akaweka kiganja chake juu ya mbao, akakiacha pale.

"Tazama, shoga," akasema. "Baiskeli haiulizwi pasi."

Mastura alilia njia nzima ya kurudi chumba cha magurudumu, na wale wanawake wa Kizungu wakadhani ameungua.

Hayo ndiyo aliyomsimulia mwanawe, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta. Yaqdhan alikuwa anaitazama mikono ya mama yake.

"Baba hakuwahi kutaja kitu."

"Baba yako alikuwa na sababu zake. Tulipokuja Maskati mwaka wa sabini na nne akapata kazi wizarani, akaniambia, 'Mastura, ya kiwandani tuyaache kulekule kwenye baridi.' Aliona haya, mwanangu. Aliona haya kwamba mkewe alikuwa akirudi nyumbani ananuka grisi. Mie sikuona haya, lakini nilimpenda, nikanyamaza."

"Na baada ya yeye kufa? Miaka yote hii?"

"Ningekwambia lini? Ulipokuwa mdogo, baba yako yupo. Ulipokuwa mkubwa, wewe hupo."

Yaqdhan alisimama akaenda akarudi, halafu akauliza anataka nini, amfanyie nini. Na hapo Bi Mastura akatoa lile lililokuwa likimzunguka kichwani tangu ile Ijumaa ya mwisho. Alitaka habu, ringi ya chuma ya zamani na spoku zake. Alitaka kumpelekea Rahila. Alikuwa na yakini kwamba Rahila akivitia mkononi atarudi, maana akili husahau lakini mkono ni mkono.

Walikwenda mtaa wa Ghala, kwenye mabanda ya mafundi. Wa kwanza alicheka, wa pili alikuwa na magurudumu ya pikipiki tu. Wa tatu, Mbengali anayetengeneza baiskeli za vibarua, alifikiri kidogo, akapanda juu ya banda lake akashuka na gurudumu la zamani, limeota kutu pembeni lakini ringi haijapinda. Yaqdhan alimweleza kwa Kiarabu kwamba mama analitaka limefumuliwa. Yule fundi alidhani hakusikia vizuri. Bi Mastura akatoa mkono akamwonyesha mwenyewe: toa yote, weka kwenye mfuko. Fundi akatii, akatia na spoku mpya badala ya zile zilizolika.

Njia ya Qurayyat inapita milimani, inapanda na kushuka, na mfuko ule ulikuwa mapajani mwa Bi Mastura toka Bawshar mpaka walipoiona minazi na mitende na mashua zimevutwa mchangani. Alikuwa amevaa buibui lake zuri. Njiani alimwambia Yaqdhan mara mbili asiendeshe kwa kasi, na mara moja kwamba anakwenda polepole mno.

Balqis aliwapokea mlangoni akambusu mkono. Rahila alikuwa uani kwenye kivuli, amekaa kitini, safi, kanga mabegani, tasbihi mkononi. Amekonda, lakini uso ni uleule.

"Assalamu alaykum, Rahila."

"Wa alaykumu salaam, bibie. Karibu. Balqis! Lete kahawa, kuna mgeni."

Bi Mastura alikaa. Alitandika kitambaa juu ya meza ndogo, akavitoa vitu kimoja kimoja, ringi, vinati kwenye kikopo, spoku. Habu akaiweka kwenye kiganja cha Rahila na kuvifumba vidole vyake. Rahila akaigeuza, akainusa, akairudisha kwa adabu.

"Kizuri. Cha kutwangia nini?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mastura akaichukua habu, akaanza. Alitumbukiza spoku, akavisha ringi, akavuta ya kwanza mbele na ya pili nyuma. Vidole vimekuwa vigumu, vimevimba viungoni. Kinati kilimponyoka, kikabingirika, Yaqdhan akainama kukiokota. Alikosea, akafumua, akaanza tena. Balqis alisimama na birika la kahawa mkononi bila ya kumimina. Kila alipofika mahali pa kupishanisha, Bi Mastura aliinua macho kumtazama mwenziwe, labda sasa.

"Hili la nani, Rahila?" alimuuliza. "Eh? La bwana harusi, au la muuza samaki?"

"La mwenyewe, bibie. Mie sina baiskeli."

Gurudumu lilikwisha. Lilikuwa limeyumba, na chumba cha pili cha wanaume wa kulinyoosha hakipo. Bi Mastura alilishika wima juu ya meza, na ghafla akajiona kama mtu aliyepiga ngoma penye msiba. Akataka kuondoka. Ndipo Rahila, aliyekuwa anaitazama mikono yake muda wote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Vidole vyako vinanikumbusha mtu."

"Nani?"

"Nna shoga yangu, Mastura. Yuko Maskati. Tulikuwa kazi moja, Ulaya, tulikaa benchi moja. Zamani akinipigia simu kila Ijumaa." Akazivuta shanga mbili tatu za tasbihi. "Siku hizi hapigi. Kanisahau."

Balqis hakuweza kujizuia. "Mama, ndiye huyu! Huyu ndiye Mastura mwenyewe, kaja kukuona!"

Rahila alimtazama mgeni wake kwa makini, toka utaji mpaka viatu, na uso wake ukabadilika. Kwanza aliona haya, halafu hasira, halafu akaanza kutetemeka mdomo.

"Huyu mzee? Mastura ni msichana, ana nywele mpaka kiunoni. Kwa nini mnanichezea? Nimewafanya nini?"

Balqis akafunika uso. Bi Mastura akaliweka gurudumu chini, akamshika Rahila mkono.

"Kweli, bibie," akasema. "Mie siye. Kakosea mtoto. Lakini Mastura namjua. Kanituma nije nikusalimu."

Mdomo ukatulia. "Kakutuma?"

"Kanituma. Anasema hajakusahau hata siku moja."

"Yu hali gani?"

"Mzima. Magoti tu yanamsumbua."

"Magoti! Yule akipanda ngazi mbili mbili, mbio!" Rahila akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha chini ya benchi. "Mwambie aache uvivu. Mwambie aje."

"Nitamwambia."

Wakati wa kurudi Yaqdhan hakuwasha redio. Walipofika milimani aliizima na ile baridi ya gari, akafungua kioo kidogo, kwa sababu aliona mama yake amejikunyata. Hakumwambia asilie.

"Tutakuja tena, Mama," akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kizito, cha kutafuta neno.

Wamekwenda tena, si kila Ijumaa, lakini kila Yaqdhan anapopata nafasi. Gurudumu halikupelekwa tena. Bi Mastura huingia na kusema yeye ni mgeni kutoka Maskati, ana salamu za Mastura, na Rahila huvuta kiti chake karibu kwa furaha. Salamu huwa ni habari za kweli: Mastura alikuwa na homa, imepoa, Mastura amemwota mama yake, Mastura anakula peke yake mchana, watu wote wako kazini. Rahila hupokea yote, huguna, husikitika. Na yeye hutoa zake. Humsema Mastura nyuma ya kisogo chake, mema na mabaya, mbele ya Mastura.

Hivyo ndivyo Bi Mastura alivyokuja kujua kwamba alikuwa akikoroma kwenye basi la asubuhi. Kwamba pilau yake ya Idi ya kwanza kule ugenini ilikuwa mbichi, na Rahila aliimeza yote akaomba nyingine. Na siku moja akajua jambo ambalo Rahila hakuwahi kumtajia katika miaka yote ile ya simu.

"Walitaka kunihamisha," Rahila alisema. "Wanipeleke kwa wale wa kuchora mstari wa dhahabu. Yule mama mwekundu alisema mkono wangu hautetemeki. Kazi nzuri ile, safi, huumii vidole. Nami nilikuwa naitamani toka siku tuliyowaona."

"Na hukwenda?"

"Ningemwacha na nani? Yule akiwa peke yake hunyamaza mpaka ulimi ukaota kutu. Nikawaambia macho yangu hayaoni vizuri." Akainama akanong'ona. "Usije ukamwambia. Ataona haya."

Bi Mastura alitaka kusema. Maneno yote alikuwa nayo safari hii, ya lugha yake mwenyewe, hakuna hata moja lililomkimbia. Lakini mtu wa kuambiwa alikuwa anamngojea mtu mwingine. Akasema tu, "Simwambii," akamrekebishia kanga begani.

Safari iliyopita walimkuta Rahila amevaa nguo mpya, ametiwa wanja, harufu ya udi imejaa ua mzima. Balqis alisema tangu alfajiri hajatulia. Amefagiza mara mbili, ameulizia halua.

"Mastura anakuja leo," Rahila alimwambia mgeni wake hata kabla hajakaa. "Nimeota. Yuko njiani."

"Alhamdulillahi."

"Nawe usiende mpaka afike. Mtafurahiana, nyinyi mnafanana tabia. Kaa tumngoje pamoja."

"Siendi," alisema Bi Mastura.

Balqis akaleta kahawa na vikombe vitatu, maana ndivyo alivyoagizwa. Rahila akammiminia mgeni, akajimiminia na yeye, akamimina na cha tatu, akakifunika kwa kisahani kisipoe. Kisha wakakaa bega kwa bega, wakitazama mlango.